Asante kwa Siku Ile

Nilikuwa nimefika kwa heringi wa thelathini na mbili. Ukishamlaza kwenye maji usiku kucha ili chumvi ya pipa ipungue, unamshika shingoni, unainua ukingo wa ngozi kwa ncha ya kisu, kisha unaivuta taratibu mpaka mkiani. Ukiharakisha inakatika, na utaiokota vipande vipande kama karatasi iliyolowa. Hakuna aliyenifundisha. Niliharibu samaki wengi mwaka wangu wa kwanza, nikajua mwendo ambao ngozi inaukubali, na tangu hapo sijauongeza.

Mkahawa wetu uko chini ya barabara, ngazi sita kutoka kando ya mfereji kule Christianshavn. Una meza tisa, na tunauza chakula cha mchana tu. Mke wangu, Vibeke, anahudumia wateja. Mimi niko jikoni. Na kati yetu kuna kidirisha chenye upana wa sahani mbili. Kwa miaka kumi na tisa nimewajua watu wa Kopenhagen kupitia kidirisha hicho, kuanzia kwenye mkanda hadi kidevuni. Nikitaka kuona uso lazima niiname, na mara nyingi sioni sababu ya kuinama.

Jumatatu ile niliinama. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, mlango tumeufungua sasa hivi, na nilisikia sauti ya mwanamume nisiyemjua ikisema kwa Kidenmaki kizito, kama mtu anayetafuna kokoto:

"Asante kwa siku ile."

Kwetu maneno hayo hayasemwi ovyo. Mtu aliyekula kwako, au aliyekaa nawe jioni moja mkafurahi, mkikutana tena, hata kama mwaka umepita, hilo ndilo neno lake la kwanza. Asiyelisema huonekana hana adabu. Na hulisemi kwa mtu ambaye hamjawahi kuwa na siku yenu.

"Asante nawe," Vibeke akajibu.

Nikaitazama shingo yake. Vibeke ana shingo isiyoweza kutunza siri. Wekundu huanzia kwenye mfupa wa bega ukapanda kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Siku hiyo ulifika masikioni. Mbele yake alisimama mwanamume mfupi mwenye mvi, suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, mwavuli mkononi, daftari dogo likichungulia mfukoni. Umri wake ulikaribia miaka sabini. Angekuwa kijana ningecheka na kurudi kwa samaki wangu. Lakini alikuwa na macho ya mtu anayekaribia kusema kitu kizuri, na mke wangu alikuwa anamngoja akiseme.

Alipokuja kuchukua sahani nilimwuliza ni nani yule.

"Mgeni," alisema. "Mreno, anaitwa Adelino. Alikuwa mwalimu wa jiografia kule Lisbon. Amewafundisha watoto jina la Kopenhagen miaka thelathini na hajawahi kufika mpaka jana. Hebu fikiria."

Nikafikiria. Mimi si mtu wa kuhukumu haraka, kwa hiyo niliyapanga mambo kama ninavyopanga sahani, moja baada ya jingine. Mtu hajawahi kufika mjini kwetu. Mtu huyo anamshukuru mke wangu kwa siku ile. Mke wangu anaikubali shukrani, na shingo inawaka. Basi siku yenyewe haikuwa Kopenhagen. Na Oktoba iliyopita Vibeke alikwenda Lisbon na dada yake, Aase, siku nne. Mimi nilibaki, kwa sababu mtu lazima abaki na mapipa ya heringi. Siku ya tatu nilimpigia simu tangu mchana mpaka jioni, hakupokea. Baadaye alisema simu ilikuwa chini kabisa ya mkoba.

Heringi wa thelathini na tatu ngozi yake ilikatika mara mbili.

Mreno akarudi Jumanne, akarudi Jumatano. Alikuwa anautembelea mji kwa miguu tangu asubuhi, na ikifika saa sita anashuka zile ngazi, anakaa meza iliyo chini ya dirisha, anatoa daftari na kumsimulia Vibeke aliyoyaona. Walizungumza Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya makopo, kwa hiyo nilisikia kicheko bila kusikia kilichochekwa, na hicho ni kicheko kibaya kuliko vyote.

Akija kidirishani, Vibeke alinitafsiria vipande. Kwamba Adelino amewaona watoto wachanga wamelala nje ya mkahawa ndani ya vigari vyao, kwenye upepo, mama zao wako ndani wanakunywa kahawa, na amesimama kuwalinda nusu saa nzima mpaka mama mmoja akatoka kumwuliza anataka nini. Kwamba watu wanangoja taa ya kijani barabara ikiwa tupu, hata baiskeli hakuna. Kwamba tunawasha mishumaa saa sita mchana, Juni, jua likiwa limejaa. Kwamba mkate wetu ni mweusi kama udongo wa kaburi na tunaula kwa kisu na uma kana kwamba ni nyama, naye sasa amejua kuukata bila kuangusha vilivyo juu.

"Anaona kila kitu," Vibeke alisema.

"Hata mimi naviona."

"Wewe unavijua, Ebbe. Kuona ni kitu kingine."

Akaondoka na sahani. Mishumaa ile ninaiwasha mimi kila asubuhi, meza tisa, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyeiandika daftarini.

Meza ya pembeni hukaa mzee Mogens, aliyekuwa akiendesha kreni bandarini na ambaye sasa hula kwetu kila siku ya Mungu. Mdomo wake umebaki wa bandarini. Ila wiki ile alikuwa kimya kuliko kawaida, akimtazama Mreno kwa pembe ya jicho, na nilijiambia kuwa hata yeye ameona. Alhamisi nilipata hakika. Vibeke alikuwa anamfundisha mgeni kunywa ile pombe yetu kali ya mbegu za kisibiti. Kwetu huinui glasi ukanywa tu. Unamtazama mwenzako machoni kwanza, unakunywa, unamtazama tena, ndipo glasi ishuke. Mgeni alikuwa anatazama glasi. Vibeke akaketi mbele yake, na Vibeke haketi na wateja, akamwonyesha: macho, kunywa, macho. Wakarudia. Wakarudia tena. Alikuwa amevaa hereni za buluu alizonunua Lisbon, ambazo nilikuwa sijaziona tangu mwaka ulipogeuka.

"Ebbe," Mogens akaniita kupitia kidirisha, "njoo umsaidie mkeo. Anamtazama Mreno mpaka glasi inaona haya."

Nilikuwa nakuna mzizi mkali unaowekwa juu ya nyama, ule unaotoa machozi, na nilishukuru kuwa nao.

Jioni hiyo, tukipiga deki, nilimwuliza Vibeke kwa sauti ya kawaida Adelino anaishi sehemu gani ya Lisbon. Akasema atajuaje. Akasukuma maji hatua tatu, kisha akasema: karibu na mahali ambapo feri zinafunga gati, jengo lenye ngazi za mbao. Nikaendelea na upande wangu wa sakafu.

Sasa nieleze nilichofanya Ijumaa.

Chakula chetu kina mpangilio. Heringi huja kwanza, na sahani yake mwenyewe. Akiisha, sahani inabadilishwa, wanakuja samaki wengine, kisha nyama, kisha jibini. Mtu mzima hapa hawezi kula nyama halafu akarudi kwa heringi. Ni kama kuvaa soksi juu ya kiatu. Ijumaa Mreno alimwambia Vibeke kwamba anataka kula mpangilio wote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama tunavyokula wenyewe, kwa kuwa Jumamosi jioni anaondoka. Vibeke akaniletea agizo hilo akiwa anatabasamu.

Nilikata mkate. Nikaupaka siagi. Nikapanga nyama ya ng'ombe iliyochomwa, vitunguu vikavu vya kukaanga juu yake, na ule mzizi, mwingi. Nikaisukuma sahani kidirishani.

Vibeke aliitazama. "Heringi yuko wapi?"

"Anakuja."

Alinitazama mimi. Hatukuwa wenye haraka, mkahawa ulikuwa na watu wanne tu. Alikuwa na nafasi ya kuirudisha. Hakuirudisha. Aliibeba akaipeleka. Nikapanga samaki bapa, akampeleka. Nikapanga jibini lililokomaa, ambalo hata wenzetu wengine hulikimbia, akalipeleka. Mwishoni kabisa nikatoa heringi, mwenye siki na sukari, vitunguu vibichi juu, nikampanga vizuri kuliko siku zote. Hilo nalikumbuka. Hata katika ubaya mkono haukukubali kupanga vibaya.

Mreno alikula vyote, bila kuacha, akifuta mdomo kati ya sahani na sahani. Kisha akafungua daftari. Mogens, ambaye uma wake ulikuwa umesimama hewani tangu jibini lilipopita, alimwomba Vibeke amwambie mgeni asome anachoandika. Mgeni akasoma, na Vibeke akatafsiri sentensi kwa sentensi.

"Watu wa mji huu huanza na nyama iliyochomwa," Vibeke alisema polepole. "Huendelea na samaki na jibini. Mwishoni huletewa heringi, ambaye wamemtia sukari, ili mdomo ufungwe kwa utamu."

"Nani kamwambia hivyo?" Mogens akauliza. "Mimi nina miaka sabini na nane. Hata gerezani wanaanza na heringi."

Vibeke hakugeuka kutazama kidirishani. Alimwambia mgeni aendelee, nadhani ili apate muda, na mgeni akarudi nyuma kurasa chache na kusoma nyingine, na Vibeke akatafsiri kabla hajaelewa anachokitafsiri:

"Ni watu wakimya, lakini sijawahi kukutana na wenye adabu kama hawa. Nimejifunza salamu yao moja kitabuni, nami nawapa wote: bawabu wa hoteli, dereva wa basi, mwanamke wa makumbusho, mama wa mkahawa, mzee wa meza ya pembeni. Nawaambia asante kwa siku ile, na wote, bila hata mmoja kukosa, hunijibu..."

Akageuka kumtazama Mogens. Mishumaa iliendelea kuwaka.

"Asante nawe," Mogens akamalizia. Aliweka uma chini. "Ametuambia sote? Mimi aliniambia Jumanne, mlangoni. Nikamjibu. Nikamwuliza na hali ya mkewe." Sauti yake haikuwa ya bandarini tena. "Wiki nzima nalala nikimtafuta huyu mtu kichwani, Vibeke. Nimempigia daktari. Nimeomba wanipime kichwa, nikidhani nimeanza kusahau watu."

Vibeke aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akacheka mpaka akajishika mbavu. Akasema kwamba na yeye pia. Aliona aibu. Alidhani mtu huyu walikutana Lisbon mwaka jana, akamsahau, na utamwambiaje mtu kwamba huikumbuki siku yake? Tangu Jumatatu alikuwa anangoja Adelino ataje kitu cha kumkumbusha. Bawabu, dereva, mwanamke wa makumbusho: nusu ya mji iliona haya kumwambia mtu mmoja kwamba haimjui.

Alipoelezwa, Mreno alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mogens alimnunulia glasi, wakatazamana machoni, wakanywa, wakatazamana tena.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa muda wa kufuta kisu. Lakini mgeni, labda kwa kutaka kulipa fadhila, alifungua ukurasa mwingine akamsomea Vibeke. Vibeke hakutafsiri.

"Anasema nini?" Mogens akauliza. "Malizia, mama. Tumeshaaibika vya kutosha."

Basi akamalizia, sauti ikiwa chini, uso umeelekea kidirishani.

"Mama wa mkahawa amewahi kufika mjini kwetu. Siku ya tatu dada yake aliumwa tumbo, akatoka peke yake, akapanda kilima mpaka mahali mto wote unapoonekana. Alikaa hapo kutwa. Ananiambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani hakutamani kurudi popote."

Nilinyoosha mgongo nisione uso wake.

Tulifunga saa kumi. Ijumaa ni siku ya bitiruti. Huchemshwa mchana na humenywa zikiwa bado na joto, maana zikipoa ganda hushika. Vibeke aliingia jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu kidogo. Tulimenya kama kumi. Mikono yetu ikawa ya watu waliochinja.

"Umempa heringi mwishoni," alisema.

"Ndiyo."

"Makusudi."

"Ndiyo. Nawe ulimpelekea."

"Nilitaka kuona utafika wapi. Miaka kumi na tisa hujakosea sahani, leo unakosea nne, zote za mtu mmoja. Nikasema, hii si bahati mbaya, huyu ananiambia kitu."

Nikamweleza yote kwa mpangilio: siku ile, shingo, Oktoba, simu, hereni, ngazi za mbao. Ilichukua muda kwa sababu sikutaka kuruka. Nilipomaliza, aliitazama bitiruti iliyokuwa mkononi mwake.

"Ulidhani nina Mreno," alisema. "Wa miaka sabini. Anayetembea na mwavuli Juni."

"Sikudhani. Nilipanga tu mambo yalivyofuatana."

"Ukayapanga siku tano bila kuniuliza hata moja."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo nikaendelea kumenya. Kisha nikasema kile kilichokuwa kimenikaa kooni tangu mchana, na hakikutoka vizuri.

"Ulimwambia hukutamani kurudi."

"Aliniuliza."

"Alijuaje cha kuuliza?"

"Hakujua. Alisema tu, ulikaa wapi, uliona nini? Ni mtu wa kuuliza, basi. Wewe niliporudi, mizigo ikiwa bado mlangoni, uliniuliza kama mapipa mapya yatafika Alhamisi."

"Na yalifika."

"Yalifika, Ebbe."

Nilimwonea wivu yule mzee kuliko Jumatatu. Jumatatu nilimwonea wivu kwa jambo ambalo halikutokea. Sasa jambo lenyewe lilikuwa limetokea kweli, mbele yangu, mchana, upande wa pili wa kidirisha: mtu amemwuliza mke wangu swali moja, na kutwa nzima ya maisha yake, ambayo ningeweza kuipata kwa bei hiyo hiyo, imeandikwa kwenye daftari linaloondoka kesho kwa ndege. Laiti angekuwa mpenzi ningejua la kufanya. Kwa hili sikujua.

Vibeke alifuta mikono kwenye aproni. Alisema kwamba Adelino atakuja kesho saa sita kula mpangilio wa kweli, ili asiende kuwadanganya watu wa kwao kuhusu heringi.

"Utamhudumia wewe," alisema. "Mimi nitakuwa humu."

"Sijui Kiingereza."

"Mogens atatafsiri."

"Mogens anajua maneno ishirini, na kumi na tano ni matusi."

"Basi mtaelewana upesi."

"Nitamwambia nini?"

"Mwombe radhi kwa zile sahani. Halafu mwulize. Ana mji mzima kwenye lile daftari, na wewe umo ndani yake mahali fulani, nimeona jina lako."

Sikuwa nimefikiria hilo. Niliuliza ameandika nini, akasema hakusoma, si lake. Niliuliza nani atapanga chakula. Akasema yeye; amezibeba sahani hizo miaka kumi na tisa, anajua kila jani linakaa wapi. Sikupenda kufikiria mkono wake kwenye kisu changu. Nikaanza kumweleza kwamba heringi akatwe kimshazari, vipande visizidi vidole viwili, na siagi ifike mpaka ukingoni mwa mkate, la sivyo mchuzi unapenya na...

"Ebbe," alisema.

Alitundika aproni, akavua hereni moja, kisha ya pili, akazitia mfukoni, akaelekea mlangoni. Nilimsikia akipanda ngazi ya kwanza, ya pili. Juani huko juu baiskeli zilikuwa zikipita, watu wakirudi makwao.

Nikatoka nikasimama chini ya ngazi, kisu kikiwa bado mkononi, nikamwuliza ule mto ulikuwa na rangi gani.

Alisimama.

"Kafunike bitiruti kwanza," alisema, "ujue nitakusimulia mpaka nyumbani."

Nikarudi kufunika. Zaidi ya nusu zilikuwa hazijamenywa, na zilikuwa zimeanza kupoa.